Sifa na Sharti: Kanuni Zisizotangazwa za Kuingia Chuoni Mbele ya Mahakama, 1935–2022

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya aina moja ya mashauri ambayo wanahistoria wa elimu huyagusa kwa kupita tu, na ambayo wanalugha, kwa maoni yangu, wana haki ya kuyahesabu kuwa sehemu ya shamba lao. Haya ni mashauri ya watu walioomba nafasi vyuoni, wakakataliwa, kisha wakagundua kwamba kanuni iliyotumika kuwakataa haikuwa imeandikwa mahali popote walipoweza kuisoma. Au iliandikwa baada ya wao kuomba. Au iliandikwa kwa maneno ambayo maana yake ya kweli aliijua mtungaji peke yake. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Katika mashauri haya mahakama ndiyo iliyokuwa kata: ilizamishwa ndani, na kilichokuwamo kikatoka nje.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa tutenge maneno mawili ambayo katika matumizi ya kila siku tumezoea kuyachanganya. Sifa ni kile alicho nacho mtu: elimu yake, alama zake, mwenendo wake, ujuzi wake. Sharti, neno lililotujia kutoka Kiarabu, ni kile anachowekewa mtu na mwingine kabla ya mapatano kutimia. Muuzaji huweka sharti. Mnunuzi hulikubali au huenda zake. Na sharti lisilotajwa wakati wa kupatana haliwi sharti tena bali huwa hila. Kwa hiyo sifa ni mali ya mwombaji, na sharti ni mali ya chuo.

Barua ya kumkataa mwombaji kwa kawaida humwambia kwamba hana sifa zinazotakiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba katika mashauri tutakayoyaeleza chuo kilikuwa na sharti kilichoona haya kulitaja, kikalivika nguo ya sifa, kisha kikamtupia mwombaji upungufu ambao haukuwa wake. Kazi ya mawakili na majaji ilikuwa kulivua sharti hilo nguo ya kuazima.

Wazo la kwamba sheria isiyotangazwa si sheria ni la kale. Mwanahistoria wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Kaisari Caligula alipotakiwa na watu kuyaweka wazi maagizo ya kodi mpya, aliyaandika kwa herufi ndogo mno na kuyatundika mahali pembamba, ili mtu asiweze kuyanakili. Katika karne yetu iliyopita, mwanasheria wa Marekani Lon Fuller, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu maadili ya sheria, alitaja njia nane ambazo mtunga sheria anaweza kushindwa kutunga sheria yoyote. Miongoni mwa hizo ni kuificha sheria isijulikane na wale wanaotakiwa kuifuata, kuitunga ili ihukumu mambo yaliyokwisha kutendeka, na kuiandika isieleweke. Msomaji ataona kwamba makosa hayo matatu yote yalijitokeza katika ofisi za wasajili wa vyuo.

2. Mlango uliofungwa waziwazi

Tuanze na wakati ambapo hapakuwa na haja ya siri. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, Mmarekani Mweusi aliyeomba kuingia chuo kikuu cha jimbo alijibiwa bila kificho kwamba chuo hakipokei watu wa rangi yake. Ndivyo alivyojibiwa Donald Gaines Murray, mhitimu wa Amherst College, alipoomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1935. Mawakili wake walikuwa Charles Hamilton Houston na mwanafunzi wake wa zamani, Thurgood Marshall, mwenyeji wa Baltimore katika jimbo hilo hilo. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: jimbo halina shule nyingine ya sheria kwa ajili ya raia wake Weusi, basi haliwezi kuwafungia hiyo moja iliyopo. Jaji wa Baltimore aliamuru Murray apokewe, na Mahakama ya Rufani ya Maryland ikaithibitisha amri hiyo Januari 1936.

Yaliyofuata yanajulikana, nayo hayahitaji maelezo marefu hapa. Mwaka 1938 Mahakama Kuu ya Marekani iliambia jimbo la Missouri kwamba kumlipia raia Mweusi karo akasome jimbo jingine hakutoshi. Mwaka 1948 ikaliagiza jimbo la Oklahoma limpe Ada Lois Sipuel elimu ya sheria. Mwaka 1950 ikaamua kwamba shule ya sheria iliyofunguliwa kwa haraka kwa ajili ya Weusi huko Texas haikuwa sawa na ile ya Weupe. Tarehe 17 Mei 1954 ikatoa uamuzi wa Brown, uliokomesha kwa maandishi utengano katika shule za serikali.

Kwa msomaji wa Kenya, jina la Marshall si geni kabisa. Kwa mwaliko wa Tom Mboya alifika London mwaka 1960 kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa kwanza wa Lancaster House, na huko akaandika rasimu ya haki za kimsingi kwa ajili ya katiba ya Kenya. Rasimu hiyo haikuchukuliwa neno kwa neno. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba mtu aliyekuja kutufikiria katika suala la haki alikuwa amejifunza kazi hiyo katika mlango wa chuo.

Katika kipindi hiki cha kwanza ugomvi ulikuwa juu ya sharti lililotajwa. Chuo kilisema: sharti letu ni rangi. Mdai alijibu: sharti hilo ni haramu. Hapakuwa na tatizo la kusoma maana. Lakini sharti lililo wazi lina udhaifu mmoja kwa mwenye nalo, nao ni kwamba likishahukumiwa kuwa haramu haliwezi kutumika tena. Baada ya 1954 majimbo ya kusini yalilazimika kuchagua kati ya kutii na kutafuta lugha nyingine.

3. Lugha mpya

Lugha iliyotafutwa ilikuwa ya upole na isiyotaja rangi. Mwaka 1956 bunge la Louisiana lilitunga sheria ya kumtaka kila mwombaji wa chuo cha jimbo alete cheti cha ustahiki na tabia njema, kilichotiwa sahihi na mkuu wa shule yake pamoja na msimamizi wa elimu wa eneo lake. Nani angepinga tabia njema? Lakini mwaka huo huo bunge hilo lilitunga sheria nyingine, iliyoruhusu kufukuzwa kazi kwa mwalimu yeyote aliyeunga mkono kuchanganywa kwa watu wa rangi mbalimbali mashuleni. Ukisoma sheria ya kwanza peke yake, unaona sifa. Ukizisoma zote mbili pamoja, unaona kwamba mkuu wa shule aliyemtilia sahihi mwanafunzi Mweusi anayetaka kwenda chuo cha Weupe alikuwa anatia sahihi barua ya kujifukuzisha kazi. Mwaka 1957 mahakama ya serikali kuu ilizisoma pamoja, ikakitangua cheti hicho, na mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikaukubali uamuzi huo.

Hili ni somo la kwanza kwa mwanalugha. Maana ya kanuni haikuwa ndani ya maneno yake. Ilikuwa katika uhusiano wake na kanuni nyingine na na watu waliopewa uwezo wa kuitekeleza.

Georgia ilitumia njia nyingine, ya kumtaka mwombaji alete vyeti vya wahitimu wa chuo anachokiomba. Mwaka 1959 mahakama iliitangua kanuni hiyo katika shauri la wanawake Weusi waliotaka kuingia chuo cha serikali mjini Atlanta. Huko Alabama mwenendo ulikuwa wa kusikitisha zaidi. Autherine Lucy alikubaliwa kwa barua na Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 1952, akanyimwa nafasi hiyo chuo kilipojua rangi yake. Alishinda mahakamani mwaka 1955, akaingia darasani Februari 1956, na baada ya siku chache akasimamishwa kwa madai ya kulinda usalama wake, kwa kuwa kundi la watu lilikuwa limefanya fujo dhidi yake. Kisha akafukuzwa. Mwenzake aliyeomba pamoja naye hakupewa hata nafasi ya kuingia, kwani chuo kilichimbua maisha yake kikatoa sababu ya mwenendo. Uamuzi wa kumfukuza Lucy ulifutwa na chuo chenyewe mwaka 1988, naye akapata shahada yake ya uzamili hapo mwaka 1992, miaka arobaini baada ya barua ya kwanza.

4. Shauri la Meredith

Shauri linaloonyesha ufundi huu kwa ukamilifu ni la James Meredith dhidi ya Chuo Kikuu cha Mississippi. Umaarufu wake umetokana na fujo za usiku wa tarehe 30 Septemba 1962, ambapo watu wawili waliuawa, na kwa sababu hiyo waandishi wengi huanzia hapo. Sisi tuanzie katika karatasi za ofisi, kwa maana huko ndiko lugha ilikofanya kazi yake.

Meredith alizaliwa Kosciusko, Mississippi, mwaka 1933. Alitumikia jeshi la anga la Marekani kwa miaka tisa, akarudi nyumbani, akajiunga na Jackson State College, chuo cha Weusi cha jimbo hilo. Tarehe 31 Januari 1961 alipeleka maombi ya kuhamia Chuo Kikuu cha Mississippi, na katika barua yake akaeleza kwamba yeye ni Mweusi. Akaongeza kwamba hawezi kutaja majina ya wahitimu wa kumdhamini, kwa sababu wahitimu wote wa chuo hicho ni Weupe naye hamjui yeyote kati yao. Badala yake alileta barua tano za raia Weusi wa wilaya yake waliomjua.

Tarehe 4 Februari msajili alimpelekea simu ya maandishi kwamba imeonekana lazima kuacha kushughulikia maombi yote yaliyopokewa baada ya tarehe 25 Januari. Msomaji azingatie tarehe hizo. Siku ya mwisho ilikuwa imepita kabla mwombaji hajaambiwa kwamba ipo. Meredith hakukata tamaa; aliomba maombi yake yahesabiwe kuwa ya muhula wa kiangazi. Barua zake zilizofuata zilikaa bila kujibiwa.

Wakati barua zikiwa kimya, kanuni zilikuwa zikitungwa. Tarehe 7 Februari, wiki moja baada ya maombi hayo, baraza la wadhamini wa vyuo vya jimbo lilipitisha azimio la kubana uhamisho wa wanafunzi kutoka chuo hadi chuo. Mwezi wa Mei kamati ya chuo ikalibana zaidi, ikasema kwamba watapokewa tu wahamiaji kutoka vyuo ambavyo ni wanachama wa vyama vinavyotambuliwa vya vyuo. Tarehe 25 Mei msajili aliandika kumkataa Meredith. Alitoa sababu mbili: chuo alichotoka si mwanachama wa chama cha vyuo vya kusini, na barua zake za udhamini hazikutoka kwa wahitimu. Kisha akaongeza kwamba haoni haja ya kutaja upungufu mwingine.

Sentensi hiyo ya mwisho inastahili kutafakariwa. Inadai kwamba kuna sababu nyingine, na wakati huo huo inakataa kuzitaja. Mwombaji anaambiwa kwamba hata akizitimiza hizi mbili, atakuta nyingine zikimngoja. Huo ndio upeo wa kanuni isiyotangazwa, kwani hapo siri imekuwa sehemu ya jibu lenyewe.

Mwisho wa Mei 1961, wakili Constance Baker Motley wa mfuko wa utetezi wa NAACP alifungua shauri. Jaji wa kwanza, Sidney Mize, hakuona dalili ya ubaguzi. Mahakama ya Rufani ya eneo la tano ndiyo iliyozisoma karatasi kwa makini, kwa kalamu ya Jaji John Minor Wisdom. Januari 1962 mahakama hiyo iliamua kwamba sharti la vyeti vya wahitimu ni kinyume cha Katiba. Sharti hilo lilikuwa limewekwa Novemba 1954, miezi michache tu baada ya uamuzi wa Brown. Kwa Mweupe wa Mississippi kupata wahitimu watano wa kumdhamini ilikuwa usumbufu mdogo. Kwa Mweusi, katika jamii ile, ilikuwa karibu na muhali, kwa kuwa chuo hakikuwa na mhitimu hata mmoja Mweusi. Maneno ya kanuni yalikuwa sawa kwa wote, lakini uzito wake haukuwa sawa.

Tarehe 25 Juni 1962 majaji wawili kwa mmoja wakatoa uamuzi wa mwisho. Walipitia sababu moja baada ya nyingine, tarehe moja baada ya nyingine, wakaona kwamba Meredith alikataliwa kwa sababu moja tu, nayo ni rangi yake. Kuhusu kanuni ya uhamisho, walionyesha jambo ambalo chuo hakikuweza kulijibu: Jackson State na Chuo Kikuu cha Mississippi viliongozwa na baraza moja la wadhamini. Baraza hilo kwa mkono mmoja liliendesha chuo cha Weusi, na kwa mkono mwingine likasema kwamba masomo ya chuo hicho hayafai kutambuliwa.

Hata baada ya hapo jimbo halikuchoka kutunga. Septemba 1962 bunge la Mississippi lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia vyuoni watu wenye mashtaka fulani ya jinai, wakati Meredith alikuwa ameshtakiwa kwa madai ya kudanganya katika kujiandikisha kupiga kura. Sheria ilikuwa ya watu wote kwa maneno, na ya mtu mmoja kwa kusudi. Haikufaa kitu mbele ya amri za mahakama. Meredith aliandikishwa tarehe 1 Oktoba 1962, akahitimu Agosti 1963.

5. Siri ya fedha: Chicago

Mtu aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya ubaguzi wa rangi peke yake, na kwamba ubaguzi huo ukiisha nayo yatakwisha. Shauri la Steinberg dhidi ya Chicago Medical School linaonyesha kwamba sivyo.

Mwaka 1973 Steinberg aliomba kuingia shule hiyo ya udaktari, iliyokuwa ya watu binafsi, akalipa ada ya maombi ya dola 15. Kitabu cha maelezo cha shule kilisema kwamba wanafunzi huchaguliwa kwa elimu, tabia na ari, bila kujali rangi, dini wala jinsia, na kilitaja vipimo: mafanikio ya masomo, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, maoni ya walimu, na usaili ukihitajika. Alipokataliwa, alidai mahakamani kwamba vipimo hivyo havikuwa ndivyo vilivyotumika, bali shule ilitazama uwezo wa mwombaji au jamaa zake wa kuahidi au kutoa fedha nyingi.

Tazama tofauti kati ya shauri hili na lile la Meredith. Shule ya binafsi haifungwi na Katiba kama chuo cha jimbo, wala hapakuwa na dai la rangi. Mawakili walitafuta msingi wao katika sheria ya mikataba, yaani katika sheria ya mapatano ya sokoni. Mahakama ya kwanza iliitupa kesi. Mahakama Kuu ya Illinois, mwaka 1977, ilisema kwamba mdai ana haki ya kusikilizwa. Kitabu cha maelezo kilikuwa mwaliko. Fomu na ada vilikuwa ombi la kufunga mkataba. Na shule ilipoipokea ada na kuiweka, ilikubali. Kilichokubaliwa si kumpa mwombaji nafasi. Kilichokubaliwa ni kumpima kwa mizani iliyotangazwa.

Majaji hawakudai kujua nani anafaa kuwa daktari. Shule ilibaki huru kuchagua vipimo vyake. Haikuwa huru kutangaza vipimo hivi na kutumia vile. Hapa tunakutana tena na sharti la muuzaji tulilolitaja mwanzoni. Shule ingetaja fedha kuwa sharti, wengi wasingelipa ada ile. Isingetaja fedha na isizitumie, hapangekuwa na kesi. Ilichodaiwa kufanya ni kupokea ada za wengi kwa tangazo moja na kuchagua wachache kwa jingine.

Jambo hili halikuishia Chicago. Mwaka 2018, katika kesi ya Harvard iliyosikilizwa Boston kuhusu matumizi ya rangi katika kuchagua wanafunzi, ushahidi uliweka hadharani kuwapo kwa orodha maalumu ya waombaji wa kuangaliwa na mkuu wa uandikishaji, wakiwamo jamaa za wafadhili. Uamuzi wa Mahakama Kuu wa tarehe 29 Juni 2023 ulihusu rangi. Orodha ilijulikana tu kwa kuwa shauri liliifungua kabati.

6. Siri ya hesabu: Tokyo

Mfano wa mwisho ni wa Japani, nao unahusu siri iliyofichwa ndani ya kitu ambacho watu hukiamini kuliko vyote, yaani hesabu. Mwombaji wa Mississippi aliweza kuibishia barua. Mwombaji wa Tokyo alipewa matokeo ya mtihani, naye akadhani ameshindwa.

Mwezi wa Julai 1918 isingewezekana kugundua jambo kama hili. Mwaka 2018 liligunduliwa kwa bahati. Waendesha mashtaka walikuwa wakichunguza madai kwamba afisa wa Wizara ya Elimu alikisaidia Chuo cha Udaktari cha Tokyo kupata ruzuku, ili mwanawe aingizwe chuoni humo. Uchunguzi huo ukatoa jambo lililokuwa likifanyika tangu mwaka 2006 kwa uchache. Katika mtihani wa pili, alama za insha za kila mwombaji zilizidishwa kwa 0.8, hata aliyepata 100 akabakiwa na 80. Kisha wanaume waliomaliza shule mwaka huo, au waliorudia mara moja au mbili, waliongezewa alama 20; waliorudia mara tatu waliongezewa 10. Wanawake, na wanaume waliorudia mara nne, hawakuongezewa kitu. Sababu iliyotolewa kwa faragha ilikuwa kwamba madaktari wanawake huacha kazi wakizaa, na hospitali zikapungukiwa.

Hoja hiyo ingeweza kubishaniwa kama ingesemwa. Haikusemwa. Mwaka 2018 walifaulu asilimia 2.9 tu ya waombaji wanawake, na wanaume asilimia 8.8. Mwaka 2019, baada ya hila hiyo kuondolewa, walifaulu wanawake asilimia 20.2 na wanaume asilimia 19.8. Wizara ilikagua vyuo vyote 81 vya udaktari, ikakuta vingine vyenye kasoro za namna hiyo. Chuo Kikuu cha Juntendo kilijitetea kwamba wanawake hukomaa mapema katika ufundi wa kuzungumza, kwa hiyo alama za usaili zilihitaji kusawazishwa. Hapo msomaji ataona sifa ya kweli ikigeuzwa kuwa kosa: waombaji wanaojua kusema wamepunguziwa kwa sababu wanajua kusema.

Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamua Machi 2020, katika shauri la chama cha watumiaji bidhaa na huduma, kwamba Chuo cha Udaktari cha Tokyo kinawajibika kurudisha ada za mtihani. Mei 2022 iliamuru Juntendo kiwalipe fidia wanawake 13, jumla ya yeni milioni 8 hivi. Septemba 2022 ikaamuru Chuo cha Udaktari cha Tokyo kiwalipe wanawake 27 jumla ya yeni milioni 18 hivi. Kwa kila mmoja si fedha nyingi, hasa kwa aliyepoteza miaka ya ujana wake akirudia mtihani ambao tayari alikuwa ameufaulu.

7. Mafunzo kwetu

Tukiyaweka mashauri haya pamoja, tunaona kwamba kutangaza kanuni si tendo moja bali ni mambo manne. Kanuni iwe imetungwa kabla ya maombi; hapo Mississippi ilianguka. Iwe imemfikia anayehusika; hapo Tokyo ilianguka. Iwe ndiyo inayotumika kweli. Hilo ndilo dai lililoletwa dhidi ya shule ya Chicago. Na iwe na maana ile ile kwa anayeisoma na kwa anayeitekeleza. Hapo Louisiana ilianguka.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Si kila kisichojulikana ni siri. Alama ya mwisho iliyomwingiza mwanafunzi katika kozi fulani mwaka fulani hujulikana baada ya ushindani, kwa sababu inategemea wangapi wameomba na wamepata nini. Hilo ni tokeo, si sharti. Vivyo hivyo, jopo la usaili haliwezi kuorodhesha mapema kila jibu litakalolipendeza. Hukumu ya mwalimu mzoefu ina mahali pake, na majaji wa Illinois waliiheshimu. Kinachokatazwa ni jopo kuwa na mizani ya pili chini ya meza.

Katika Kenya suala hili limepata msingi wa kikatiba. Ibara ya 47 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa njia ya haki na halali, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika utendaji wa kiutawala imefafanua ibara ya 47. Msajili wa nchi hii hawezi tena kuandika kwamba haoni haja ya kutaja upungufu mwingine.

Lakini liko jambo linalotuhusu sisi wa idara za lugha kwa karibu zaidi. Sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012, katika sifa za kujiunga na shule hiyo, ilitaja wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne pamoja na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Kanuni hiyo ilichapishwa, hapana aliyeificha. Hata hivyo ilizaa mashauri mengi, kwa sababu wasomaji waaminifu hawakukubaliana inamhusu nani: je, mwenye shahada ya sheria ya chuo kikuu cha Kenya anatakiwa pia kuwa na alama hizo za shule, au ni wale waliosoma kwingine tu? Watu waliosoma miaka minne walifika mlangoni bila kujua kama mlango ni wao. Kanuni isiyosomeka kwa namna moja haijamfikia msomaji wake, hata ikiwa katika gazeti la serikali.

Na kanuni hizi zote zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Mzazi wa Kwale au wa Busia anayeuza ng'ombe kulipa ada ya maombi ya mwanawe anaingia mkataba ambao hakuusoma. Napendekeza kwamba idara zetu zianze na karatasi zao wenyewe. Kila kamati ya uandikishaji iandike masharti yake kwa Kiswahili kabla ya fomu ya kwanza kupokewa, iyatie tarehe, na iyatenge na sifa. Kazi hiyo ina faida nyingine isiyotarajiwa: maneno ya jumla kama kufaa, kustahili au mwenendo, yanapotakiwa kuelezwa kwa lugha ambayo mzazi ataielewa, humlazimisha mwandishi aseme anakusudia nini hasa. Akishindwa kulisema, yamkini analo sharti ambalo hataki lijulikane.

Sheria ni msumeno, nayo ikishatangazwa humkata hata aliyeitangaza. Hiyo ndiyo sababu wasajili wa Oxford, Mississippi, walipendelea kutotangaza, na ndiyo sababu sisi tunaoketi katika kamati hizo kila mwaka tunapaswa kutangaza.